Kuku Alikuwa na Kivuli, Twiga Hakuwa Nacho

Barua za wasomaji kuhusu picha. Anajibu Mama Fundi, aliyeingia studio Tanga mwaka 1984.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni fundi umeme wa magari, naishi Morogoro. Nimo kwenye kundi la watu 38 tunaopenda kuchezea picha. Hakuna anayeishi kwa kazi hiyo. Kuna walimu, nesi mmoja, madereva, wanafunzi. Kila Ijumaa jioni mmoja wetu anatupia picha kundini, kila mtu anaifanyia analoweza, na Jumapili saa mbili usiku tunazileta zote kwa pamoja. Kura ni alama ya moyo. Mshindi hapati kitu ila heshima ya kuchagua picha ya wiki inayofuata. Nimeshiriki mara 11 na sijawahi kuvuka kura mbili. Wiki iliyopita tulipewa ngalawa iliyopwelewa, imepigwa asubuhi huko Bagamoyo. Nikamsimamisha twiga kando yake. Twiga ni wangu mwenyewe, nilimpiga picha kupitia dirisha la basi pale Mikumi, alasiri moja nikitoka Iringa. Nilikesha hadi saa nane usiku nikimkata kutoka kwenye picha yake. Nikapata kura moja. Aliyeshinda aliweka kuku mmoja tu juu ya mrengu wa ngalawa, lile gogo la pembeni, akapata kura 21. Anasema ni kuku wa mama yake, alimpiga uani saa moja asubuhi. Nakutumia picha zote mbili. Niambie ukweli Mama, hizi kura si za kujuana?

Marahaba mwanangu. Picha zote mbili nimezifungua kwenye kioo kikubwa na nimekaa nazo asubuhi nzima. Kura si za kujuana. Na kabla hujavunjika moyo, jua kwamba mkono wako ni mzuri kuliko wa aliyeshinda. Nimeikuza shingo ya twiga wako mpaka pikseli zikaonekana mojamoja, na zile nywele fupi za shingoni umezitoa unywele kwa unywele, bila kubakiza hata uzi wa kijani cha majani ya Mikumi. Kazi ya namna hiyo mimi ilinichukua miaka kuipata. Mwenzako kuku wake kamkata haraka haraka, mkiani kuna kipande kimeliwa. Ila kuku wake yuko pale pwani. Twiga wako hajafika.

Tuanze na jua. Pwani yetu inatazama mashariki. Mtu akisimama mchangani asubuhi akaelekeza kamera baharini, jua liko mbele yake, na kila kilichosimama kati yake na maji kinampa upande wa giza. Itazame ngalawa yenyewe: ubavu karibu ni mweusi, ukingo wa juu una uzi mwembamba wa mwanga, na kivuli cha mlingoti kinashuka moja kwa moja kuelekea miguuni kwa mpiga picha. Sasa mtazame twiga. Ulimpiga alasiri, jua likiwa mgongoni kwako. Kifua kinang'aa, mabaka yanahesabika, manyoya yana ile rangi ya asali ya saa kumi na moja. Ukimweka penye ngalawa ile, picha inakuwa na majua mawili. Wenzako 37 hawatasema "jua limekosewa". Watasema tu "sijui ina nini", na kidole kitapita bila kubonyeza moyo.

Nakuambia haya kwa sababu yalinipata. Mwaka 2006, studio niliyokuwa nikifanya kazi ilikuwa na kompyuta moja, na mimi ndiye niliyeachiwa. Akaja mama mmoja mjane na picha mbili: yeye na watoto wake wanne siku ya Idi, wamejipanga sebuleni karibu na dirisha, na picha ya paspoti ya marehemu mumewe. Alitaka awe naye pale, nyuma ya watoto. Nilimkata yule baba kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Nikamvalisha kanzu, nikalainisha kingo, nikasawazisha rangi ya uso na za watoto. Yule mama alipokuja kuchukua, aliishika muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akasema, "Ahsante mwanangu. Lakini mbona baba yao kama amesimama nje ya dirisha?"

Watoto wote walikuwa na mwanga kwenye shavu la kushoto na kiza upande wa kulia. Baba alikuwa na mwanga wa flashi, uso mzima sawa, hauna kushoto wala kulia. Yule mama hakuwahi kushika kamera maishani mwake, lakini jicho lake lilimwambia kwamba mumewe hayumo chumbani. Nilimwomba anitafutie picha nyingine, yoyote ile. Akaleta moja ndogo, imekunjwa pembe, mumewe amesimama mlangoni na jua linampiga shavu la kushoto. Hiyo sikuwa na haja ya kuifanyia mengi. Alipoiona alikaa chini.

Kwa hiyo kabla hujashika mkasi, iulize picha uliyopewa maswali ya jua. Linatoka wapi? Liko juu au chini? Ni kali au limefunikwa na wingu? Kwetu huku saa sita mchana kivuli kinajikunja chini ya miguu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, Dar es Salaam jua linapita karibu kabisa na utosi. Asubuhi na alasiri kivuli ni kirefu kuliko mtu. Ukishajua jua la picha, ndipo utafute kitu kilichopigwa kwenye jua la namna ile. Mwenzako ndicho alichofanya. Alimngoja kuku saa moja asubuhi, akasimama upande ambao jua linamjia usoni, akampiga akiwa na giza upande wa kamera na uzi wa mwanga kwenye kilemba. Shindano alilishinda pale uani, hata hajawasha programu.

Jambo la pili ni kimo, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu litakusaidia maisha yako yote. Kwenye picha ya pwani, ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu unapita kwenye kimo cha jicho la kamera. Mtu amesimama, kamera iko usoni, basi mstari uko kama mita moja na nusu kutoka mchangani. Kila kinachosimama kwenye mchanga huohuo, kiwe karibu au mbali, mstari unakikata kwenye mita moja na nusu yake. Mtu mzima unampita karibu na mabega. Twiga mzima ana mita 4 na ushei, wengine wanapita 5. Mstari unatakiwa umpite miguuni, chini kidogo ya tumbo. Wako mstari unampita masikioni. Umemfanya ana kimo cha punda. Ndiyo maana anaonekana kama mdoli aliyewekwa mezani, ingawa shingo umeikata kwa ufundi mkubwa.

Kisha chenga, zile punje punje zinazotapakaa kwenye picha. Picha ya basi ina chenga na imetikisika kidogo, picha ya ngalawa ni safi. Usihangaike kumsafisha twiga, hatasafika. Ni rahisi zaidi kuongeza chenga kidogo kwenye picha nzima mwishoni, ngalawa na twiga pamoja, zikalala shuka moja.

Na kivuli chenyewe. Twiga wako miguu minne imegusa mchanga na chini yake hakuna kitu. Mchanga wa maji kupwa una unyevu, kwa hiyo anahitaji vitu viwili: kivuli, na taswira yake kwenye unyevu. Watu wengi wanavichanganya. Taswira inashuka wima chini ya miguu, popote jua lilipo. Kivuli kinafuata jua, na kwenye picha hii kingekuja upande wako. Nakili leya ya twiga, yaani tabaka lake kwenye programu, ijaze weusi, ipindue kichwa chini, ivute hadi ilale sambamba na kivuli cha mlingoti, iwekee Multiply, ile hali ya leya inayotia giza kilicho chini yake, na uipunguze nguvu mpaka mchanga uonekane ndani yake. Penye kwato kiwe cheusi na kingo kali. Kadiri kinavyokwenda mbali kingo zilegee. Usikiache cheusi tupu. Chukua rangi ya kivuli cha ngalawa kwa kidude cha kunyonya rangi, utaona ina ubuluu ndani yake, kwa sababu penye kivuli ni mbingu inayomulika.

Tazama kivuli cha kuku, ukikuze. Kinaanza kwenye vidole vyake, kinashuka na mviringo wa gogo la mrengu, kinakatika, kisha kinatokea tena chini kwenye mchanga, kimefifia. Kile kipande cha pili cha mchangani si kikubwa kuliko kucha ya kidole gumba. Hakuna aliyekitazama kwa makusudi, lakini bila kile kuku angekuwa amebandikwa.

Umeuliza ukweli, kwa hiyo nimalizie huu. Hata twiga akiwekwa sawa, kuku bado angekuwa na nguvu. Kuku yule ametulia peke yake kwenye mrengu, anatazama baharini, kama mwenye chombo anayesubiri maji yajae. Mtu akimwona anaanza kujiuliza yatakayofuata. Twiga kando ya ngalawa ni vitu viwili. Lakini angeinamisha ile shingo akachungulia ndani ya ngalawa kama kuna samaki, tungekuwa na la kusimulia. Una picha nyingine za Mikumi? Pitia zote. Yupo mmoja ameinama.

Halafu kabla ya kutuma, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe uitazame dakika moja. Rangi hudanganya jicho. Ikiondoka, mwanga uliokosewa unajionyesha wenyewe.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Bukoba. Nimealikwa kwenye shindano kama hilo lakini sina kompyuta, nina simu ya kawaida. Pia kila nikituma picha kundini inafika na ukungu, wenzangu zao zinafika safi. Nijitoe?

Marahaba mwalimu. Usijitoe.

Ukungu hautoki kwako. WhatsApp huibana picha ili isafiri kwa wepesi. Usiitume kama picha, itume kama dokumenti, itafika kama ulivyoiacha. Na usiifungue na kuihifadhi upya JPEG ileile mara kumi. Kila ukihifadhi inapoteza kidogo. Baki na nakala ya kwanza usiyoigusa, na ufanye kazi kwenye nakala ya pili.

Kwa simu, anza na Snapseed, ni ya bure. Inaweza kuweka picha juu ya picha, kufuta doa, na kurekebisha mwanga sehemu moja bila kugusa nyingine. Ukitaka leya na maski za kweli, yaani vifuniko vya kuficha sehemu ya leya, Photopea inafunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, ingawa kwenye kioo kidogo utaisumbukia kidogo. Tumia kalamu ya kuchorea kwenye kioo cha simu kama unayo. Siku shule ikipata kompyuta, weka GIMP. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikatoka hadharani mwaka 1996, na mpaka leo hailipiwi.

Mimi nilianza na penseli, mwalimu. Tuliweka negativu, ile filamu ambayo weusi na weupe vimebadilishana, juu ya kioo chenye taa chini, tukapaka dawa ili penseli ishike, na penseli yenyewe tuliichonga kwa msasa mpaka ncha ikawa kama sindano. Chunusi kwenye negativu ni kitone cheupe. Unakijaza kwa vitone vidogo vidogo, taratibu, na kwenye karatasi chunusi inaondoka. Uso mmoja ulichukua nusu saa. Simu yako ina vifaa vingi kuliko studio nzima niliyojifunzia.

Mama, kundini kwetu Dodoma kuna mwenzetu anaandika maneno tu, akili mnemba inamchorea, halafu anashinda. Wengine wanasema hata sisi tunaokata na kubandika tunadanganya vilevile. Ni kweli?

Si kweli. Kuunganisha picha ni ufundi wa zamani. Mwaka 1857 huko Uingereza, Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 zikawa picha moja, kila moja akiipitishia mwanga peke yake kwenye karatasi huku sehemu nyingine zimefunikwa. Hapa kwetu pwani, Omar Said Bakor wa Bakor Studio, Lamu, aliunganisha picha kwa mkono kabla kompyuta haijafika. Kazi ile inaonyesha mkono na uamuzi wa mtu.

Mwenzenu hana kosa kama hamkuwekeana masharti. Wekeni sasa: wiki za mkono na wiki za mashine, zisichanganywe. Kwenye wiki ya mkono, mshindi alete faili lenye leya zake wazi ili wengine wajifunze. Asiye na leya hana cha kuonyesha, na hamtahitaji kumshutumu mtu.

Asalaam aleikum Mama Fundi. Niko Mombasa. Mwezi uliopita zamu ya kuchagua picha ilikuwa yangu. Nikachagua picha niliyompiga mama mmoja muuza mboga, hapa mtaani kwetu, amekaa nyuma ya meza yake amejishika tama. Wenzangu wakamweka kwenye kiti cha enzi, wakamweka mwezini, mmoja akamvalisha nguo za bondia. Tulicheka sana, hatukuwa na ubaya. Sasa mmoja wetu alizitoa nje ya kundi, zikazunguka, zikamfikia. Mwanawe ameniambia mamake alilia, na siku mbili hakufungua meza. Msimamizi wa kundi anasema ni utani tu na zitasahaulika. Nimekosa usingizi. Nifanyeje?

Waaleikum salaam mwanangu. Ni vizuri kwamba umekosa usingizi, na msimamizi wenu amekosea. Utani una watu wake na mipaka yake. Mtani wako anajua unamtania, naye ana nafasi ya kukurudishia. Mama huyu hakuwa na nafasi hiyo.

Umesema alijishika tama. Mtu hajishiki tama kwa furaha. Siku ile uliyompiga alikuwa na jambo lake, labda la nyumbani, labda mboga hazikutoka, nawe ukalichukua jambo lile bila kulijua ukawapa wenzako walichezee. Sikwambii haya kukuumiza. Nakwambia ili ujue kilichomliza. Si kile kiti cha enzi. Ni kwamba wakati ule alidhani hakuna anayemwangalia.

Studio ilikuwa na mlango. Mtu aliingia kwa miguu yake, akachana nywele kwenye kioo cha ukutani, akachagua pazia la nyuma, akasema nataka nionekane hivi. Tulimfanyia mambo mengi kwenye negativu, tukamwondolea makovu, tukamwongezea nywele, lakini yeye ndiye aliyeomba, na picha kwanza aliiona yeye. Simu imeondoa ule mlango, kwa hiyo ni juu yenu kuuweka upya. Hata sheria sasa inaona hivyo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwetu Tanzania ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022. Sura ya mtu ni mali yake. Lakini wewe usiende kwake na sheria mdomoni.

Kwanza waombe wenzako wote wafute, kila mmoja aandike kundini kwamba amefuta. Aliyezitoa nje awaandikie aliowapelekea. Hazitafutika zote, najua, lakini mama huyo atataka kujua kwamba mlijaribu. Toka sasa, kundi lifanyie kazi vitu, wanyama, mandhari, na nyuso zenu wenyewe. Ukitaka sura ya mtu, mwambie kabla, tena umweleze waziwazi kwamba watu watamgeuza geuza. Wengine watafurahi na watakuomba uwaletee nakala.

Halafu nenda. Usitume ujumbe wala usimtume mwanawe. Kama unaona haya kwenda peke yako, mchukue mama yako au shangazi yako, yeye ndiye aanze kusema, kama inavyofanyika kwetu. Nenda asubuhi mapema akiwa anapanga mafungu, kabla wateja hawajajaa. Mwamkie, mwambie mimi ndiye niliyekupiga picha ile, usiseme "tulikuwa" wala "walikuwa". Simu ibaki mfukoni. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Akikuuliza kwa nini yeye, mjibu ukweli, hata kama ukweli ni kwamba hukufikiri. Mchicha wake ununue siku nyingine, si siku hiyo, asije akadhani umekwenda kumlipa.